Mama Mkwe Juu ya Barafu

Eliudi Amugune alikuwa mtu wa haya tangu utotoni, na jambo hilo halikuwahi kumsumbua sana mpaka mama mkwe wake alipokuja Marekani.

Nianze na mambo ya kwao, maana asiyeyajua atamcheka bure. Kwao ni Vihiga, magharibi mwa Kenya. Kwa wazee wa huko, mwanamume hamshiki mkono mama mzaa mke wake. Hawakai kochi moja, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja hupisha kando, hata kama kando kuna matope. Huo si uadui. Ni heshima, na wenyewe wanaihesabu kuwa heshima kubwa kuliko zote. Najua vijana wa siku hizi wanawakumbatia wakwe zao na kupiga picha nao, na Eliudi pia anajua, lakini hayo ni yao. Yeye alilelewa na baba ambaye siku moja, mtu mzima mwenye mvi, alitoka nyumbani kwa kupitia dirishani kwa sababu mama mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni anaongea na watu. Eliudi aliyaona hayo kwa macho yake akiwa mdogo na hakuona cha kuchekesha.

Sasa mtu aliyelelewa hivyo anaishi Landover, Maryland, ghorofa ya tatu, vyumba viwili vya kulala na choo kimoja. Anaendesha foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, kwenye ghala la vyakula. Mke wake, Abigail, ni muuguzi msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Rockville. Mtoto wao ni mmoja, Queen, msichana wa miaka tisa, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Abigail alipofanyiwa upasuaji mwezi wa tisa, mama yake, Mama Jerida, akakatiwa tiketi aje amuuguze. Eliudi hakupinga. Angeanzaje kupinga, na mke wake hawezi hata kuinuka kitandani?

Wazee wa Vihiga walikaa kikao kabla mama hajaondoka. Waliona kwamba Marekani hakuna mahali pa kumjengea mama kijumba chake pembeni ya boma, basi wakaruhusu alale chumba cha mtoto, kwa sharti kwamba mkwe asikikanyage chumba hicho mpaka mgeni arudi kwao. Eliudi alilishika sharti hilo kuliko walivyotarajia wazee wenyewe. Alianza kuishi kwake kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba. Akitoka kazini alipiga simu kutoka kwenye maegesho kuuliza kama njia iko wazi. Alikohoa ngazini ili asikike. Jioni nyingi alikula ugali wake ndani ya gari, bakuli la plastiki likiwa juu ya mapaja, vioo vimejaa ukungu, majirani wakipita na kumtazama.

Mama Jerida naye alikuwa wa aina ile ile. Akisikia kikohozi ngazini aliacha alichokuwa anafanya akajifungia chumbani. Kuna siku maharage yaliungua mpaka king'ora cha moshi kikalia, kwa sababu mama alikuwa amekimbilia chumbani na baba alikuwa amekimbilia nje. Kama wana neno la kuambiana, lilipitia kwa Queen. Mama Jerida alisema, "Queen, mwambie baba yako chumvi imeisha," na baba yuko nyuma ya ukuta, amesikia kila kitu, lakini anangoja aje aambiwe. Mtoto alichoshwa na kazi hiyo. Alikuwa anaifanya huku akizungusha macho.

Abigail aliwacheka wote wawili. Yeye alikuja Marekani akiwa msichana. Mila za kwao anazijua, ila hazimnyimi usingizi. Alikuwa mke mwema na binti mwema, mwenye kasoro moja tu: hakuweza kukaa na habari. Kila kilichotokea nyumbani kwake alikirusha kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, na shangazi zake kule Vihiga walikichukua kutoka hapo kwenda nacho sokoni, kanisani na kwenye chama cha akina mama. Habari ya maharage ilifika Vihiga kabla sufuria haijasuguliwa.

Januari ilipofika Abigail alikuwa amepona na kurudi kazini, na safari ya mama kurudi nyumbani ilikuwa imekaribia. Ndipo Abigail alipogundua kwamba mama yake hajaona chochote isipokuwa hospitali, kanisa na duka la vyakula.

"Ataulizwa Marekani ikoje, aseme ni kapeti ya nyumba hii?" alisema. "Jumamosi tunaenda Wharf. Tutamwonyesha maji, tutamwonyesha watu wakiteleza kwa barafu. Sisi wote."

Wharf ni ile sehemu ya gatini kando ya mto Potomac, upande wa kusini magharibi mwa D.C. Wakati wa baridi watu wa mji huu hawajifungii ndani kama ungedhani. Wanashuka kando ya maji. Eliudi aliona mpango si mbaya, maana Abigail angekuwapo katikati. Lakini Jumamosi asubuhi simu ikapigwa kutoka kazini kwa Abigail. Mwenzake hakutokea.

"Nita-cover mpaka jioni tu," Abigail alisema huku akivaa viatu. "Wewe wapeleke."

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine hapa?"

"Si tungoje wiki ijayo?"

"Wiki ijayo ana-pack. Eliudi, ni kuendesha gari tu. Nani amekuambia umkumbatie?"

Basi wakaenda. Mama Jerida alikaa nyuma kabisa ya kiti cha dereva, mahali ambapo mtu hawezi kumwona bila kugeuka, na Queen akakaa pembeni yake. Eliudi alikuwa ameelekeza kioo cha katikati juu kwenye paa. Aliendesha kwa vioo vya pembeni mpaka mjini, mikono yote miwili kwenye usukani.

Nisiwe mchoyo wa kusema kwamba siku ilianza vizuri. Jua lilikuwa kali, la kung'aa tu bila joto, na maji yalikuwa yameganda ukingoni ukanda mwembamba ambao bata bukini walitembea juu yake kwa tahadhari. Kulikuwa na wanaume waliovaa nguo za mpira mwili mzima wakipiga makasia kwenye mitumbwi myembamba, pua zimewaiva kwa baridi. Watu wengine walikuwa wamesimama na darubini wanamwangalia tai mmoja aliyekaa juu ya nguzo ng'ambo na hafanyi lolote. Mama Jerida alimwangalia tai kidogo, kisha akawaangalia wale watu kwa muda mrefu zaidi.

"Na kwao hakuna kuku?" akamuuliza Queen, na Queen akacheka hadi akashika tumbo.

Eliudi alikuwa ametangulia, anatembea mbele yao umbali wa heshima, na alisikia kicheko hicho akafurahi. Palikuwa na meko ya gesi yamezungushiwa viti, watu wanaota moto na kuchoma vile vidonge vyeupe vya sukari vilivyo laini kama sponji. Yeye alikaa kwenye meko ya mbali, mama na mjukuu wakakaa kwenye meko ya karibu na maji. Alinunua vikombe vya chokoleti ya moto, akaviweka kwenye benchi tupu katikati, akaondoka. Mama Jerida akaja akavichukua. Mama mmoja Mmarekani aliyekuwa akiota moto pale aliyaona hayo yote na akaanza kushikilia mkoba wake vizuri.

Mama Jerida alichoma kidonge chake kikashika moto, akakipuliza, akakionja. "Mahindi yalikuwa na kosa gani?" alisema. Lakini alikula na cha pili, na Eliudi akajiambia kwamba siku itapita salama.

Uwanja wa barafu ulikuwa juu ya gati lenyewe, umezungushiwa ukuta mfupi, maji ya mto pande zote. Queen aliukimbilia. Alikuwa amejifunza kuteleza shuleni na alitaka bibi yake amwone. Alivalishwa viatu vyenye chuma chini, akaingia, akazunguka huku mikono ameitanua, na kila alipopita alipunga. Mama Jerida alishangilia kwa vigelegele mpaka watu wakageuka. Kisha mtoto akaja ukutani, anahema, akamwomba bibi yake aingie naye. Kulikuwa na pengwini wa plastiki wa kushikilia, alisema, hata wadogo kabisa wanamtumia.

Sasa Mama Jerida si mwanamke wa kuogopa. Amelima, amebeba ndizi kichwani kwenda soko la Mbale, amezika mume na kulea watoto peke yake. Macho yalimwaka.

"Nimevuka mto Yala ukiwa umefurika," alisema. "Haka kamaji kalikokauka katanifanya nini?"

Eliudi, aliyekuwa amesimama upande wa pili wa lango, akapatwa na woga. Aliwajua wanawake wa umri ule na mifupa yao. Abigail alimsimulia jinsi walivyoletwa kule kazini kwake baada ya kuanguka sebuleni tu. Mtu mwingine yeyote angeenda akasema, Mama, hapana, usiingie. Yeye angeweza kumzuia mgeni yeyote pale gatini asiyemjua kabisa, na mama huyu mmoja hakuweza. Alimwita Queen pembeni.

"Mwambie nyanya hiyo barafu ni ngumu. Mwambie ata-slip."

Queen akaenda, akarudi. Nyanya amesema amesikia.

"Amesikia halafu?"

Halafu alikuwa ameshakaa kwenye benchi anavaa viatu. Kijana wa pale, jina lake Wayne limeandikwa kifuani, alikuwa amepiga goti anamfunga kamba. Eliudi akatazama pembeni, maana hata miguu ya mama mkwe hakupaswa kuiona. Akautazama mto.

Kwa muda mambo yalikwenda. Alisikia vigelegele tena, alisikia Queen akihesabu hatua, alisikia chuma kikikwaruza. Alithubutu kugeuka. Mama Jerida alikuwa katikati ya uwanja amemshika pengwini mabawa, sketi ndefu juu ya suruali ya kubana ya Abigail, koti la kanisani, kitambaa cha kichwa cha rangi ya machungwa. Anacheka. Queen akamwachia ili apige picha kwa tableti yake. Pengwini akaenda mbele, mama akabaki nyuma.

Alianguka vibaya, ubavu kwanza, na mguu mmoja ukabaki chini yake. Sauti aliyoitoa ilisikika mpaka kwenye meko. Sketi ilikuwa imepanda mpaka kiunoni na kitambaa kilikuwa kimetoka, na mvi zake zilizosukwa zilikuwa wazi mbele ya watu wote.

Eliudi aligeuka akampa mgongo.

Hakufikiri. Mwili ulifikiri kwa niaba yake. Kule kwao, mkwe anayemwona mama mkwe yuko kichwa wazi, nguo zimepanda, hugeuka, na kila mtu husema huyu amelelewa. Angekimbia kumshika pale kwenye barafu, huyo ndiye angekuwa mtu wa ajabu. Alivua jaketi lake haraka na kulirusha nyuma, bila kutazama, juu ya ukuta, ili mtu amfunike. Liliangukia mbali na mama.

"Sir!" Wayne alimwita. "Sir, is she with you?"

Eliudi alijibu ndiyo, ni wake, huku anautazama mto.

Nawaomba mumwone jinsi wale watu walivyomwona. Mama mzee amelala kwenye barafu analia, mtoto amepiga magoti pembeni yake analia pia, na mwanamume wao, mzima, mwenye mikono miwili, amewageuzia mgongo. Kuna aliyesema neno ambalo sitaliandika. Kuna aliyenyanyua simu. Wayne na mwanamke mmoja wa makamo ndio waliomwinua mama wakamtoa, na mwanamke yule alipopita karibu na Eliudi alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani, polepole, kisha akatikisa kichwa. Eliudi alihisi masikio yanawaka moto katikati ya baridi ile. Alitamani gati lifunguke limmeze.

Lakini hao walikuwa wageni, asingewaona tena. Aliyemmaliza ni Queen. Alikuja amebeba jaketi lililolowa, akasimama mbele yake.

"You just stood there," alisema. "Daddy, you just stood there. Why did you turn around?"

Watu walikuwa wanasikiliza. Eliudi alikuwa na jibu la kwa nini alisimama tu na kugeuka, tena zuri, lakini lilikuwa refu, lilianzia kwa baba yake na dirisha lile, na halikufaa kusemwa pale mbele ya mtoto anayelia. Alichukua jaketi, akasema twendeni. Queen alikataa kushikwa mkono.

Mguu ulikuwa umevimba kwenye kifundo. Wayne aliufunga, akauliza kama aite gari la wagonjwa, na Mama Jerida akakataa kata kata. Alisema haendi kulala hospitali ya watu kwa sababu ya kucheza. Wakampa kiti cha magurudumu mpaka kwenye gari, Wayne akisukuma, Queen pembeni, na Eliudi akikimbia mbele kufungua milango. Najua alionekanaje. Alionekana mtu anayewakimbia.

Walivuka daraja. Queen alikuwa ameinamia tableti, anamwandikia mama yake, vidole vinagonga kioo kwa hasira. Kisha Mama Jerida akakohoa.

"Queen. Mwambie baba yako asante. Amenisitiri."

Mtoto aliendelea kugonga kioo.

"Mwambie. Mwanamume mwingine angekuja kunishikashika mbele ya watu. Mwambie amelelewa vizuri."

Queen alijibu kwa Kiingereza kwamba hatamwambia kitu kama hicho. Alisema Wayne ndiye aliyesaidia, na Wayne hata hamjui Nyanya.

Eliudi alikuwa anasikia yote, ya kila mmoja. Shukrani ya mama mkwe ilikuwa kubwa kuliko aliyowahi kuitegemea, na siku nyingine angeiweka moyoni maisha yake yote. Siku ile haikumsaidia. Mtu ambaye machoni pake alitaka kuwa mwanamume alikuwa na miaka tisa na alikuwa amegeukia dirishani.

Theluji ilianza kabla hawajafika Landover. Ngazi za jengo lao ni za nje, za zege, na hakuna lifti. Eliudi alimpigia Abigail, simu haikupokelewa. Kazini kwao simu hukaa kabatini. Alimpigia rafiki yake Kuria, akamkuta yuko mbali, Herndon, na kwa theluji ile kutoka Herndon si leo. Aligonga milango ya chini, hakuna mtu. Akarudi kwenye gari akasimama karibu na mlango wa nyuma, uso ameelekeza barabarani.

"Queen," alisema Mama Jerida kutoka ndani, "mwambie baba nitapanda mwenyewe."

Na alipanda. Alikaa kwenye ngazi ya kwanza, akaipa ngazi mgongo, akajivuta juu kwa makalio na mikono, mguu mbovu ameunyoosha mbele, Queen akimvuta kwapani. Eliudi alibaki chini amewapa kisogo. Theluji ilimwangukia kichwani. Kila ngazi aliisikia: pumzi, kishindo kidogo, kilio kilichomezwa. Aliisikia sketi ikikokotwa kwenye zege lililolowa. Aliposikia wamefika kwenye bapa la kwanza, pale ngazi zinapokatika, vishindo vikasimama. Mama alikuwa anahema kwa nguvu. Alijaribu tena, akapiga kelele, akanyamaza.

Eliudi aliona aibu. Zilikuwa aibu mbili, na kila aliyoikimbia alikutana na mwenzake.

"Daddy," Queen aliita kutoka juu. Hasira ilikuwa imekwisha. "Please."

Alikwea hadi ngazi chache chini yao, akatazama ukuta. Na kwa mara ya kwanza tangu amuoe binti yake, alisema na mama mkwe wake moja kwa moja.

"Mama. Nisamehe. Nakuja kukubeba."

Theluji iliendelea kuanguka.

"Funga macho," alisema Mama Jerida.

Akayafunga. Queen alimwongoza mikono yake mpaka ikafika. Alimwinua. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, na Eliudi aliona haya hata kwa kuujua uzito wake. Alisikia harufu ya dawa ya kuchua na moshi wa sukari iliyoungua. Mama alikuwa amejifunika uso wote kwa kitambaa chake, na chini ya kitambaa alikuwa analia, si kwa mguu. Queen alimshika baba yake mkanda wa suruali akamvuta mbele. "Step," alisema. "Step. Turn, Daddy. Step." Walikwenda hivyo mpaka ghorofa ya tatu, mwanamume asiyeona amembeba mwanamke asiyetaka kuonekana. Alimweka kwenye kochi, akarudi nyuma akipapasa, na hakufungua macho mpaka alipogusa friji ya jikoni. Hapo akakaa chini.

Kutoka jikoni alimsikia mama akimnong'oneza Queen kwa muda mrefu. Hakusikia maneno.

Abigail alifika giza likiingia, theluji bado iko kwenye kofia, ujumbe wote wa Queen ameusoma. Alienda moja kwa moja kwa mama yake, akaushika mguu, akaugeuza, akauliza anachouliza muuguzi. Ulikuwa umeteguka tu. Kisha akauliza, "Na huku juu mlifikaje?"

"Nilipanda mwenyewe," alisema Mama Jerida.

"Ulipanda aje na mguu huu?"

"Kwa makalio. Polepole."

Eliudi alikuwa amesimama kwenye sinki. Alielewa mara moja. Abigail akijua, grupu litajua, na grupu likijua, Vihiga yote itajua kabla ya ibada ya kesho. Jerida, mjane wa heshima, mwekahazina wa chama, alikwenda Marekani akabebwa kifuani na mkwe wake kama bibi harusi. Wangemtungia wimbo. Angesikia wimbo huo kisimani, sokoni na kwenye matanga mpaka afe.

Abigail alikuja mlangoni mwa jikoni.

"Eliudi. Kule kwa barafu ulimpa mgongo, sawa, nimekubali, ni mambo yenu. Lakini hapa? Hakuna mtu anakuona hapa. Uliwacha mama yangu apande ngazi kwa makalio, kwa snow?"

Alimtazama mke wake. Neno moja tu lingemtoa pale alipokuwa, na neno hilo alikuwa nalo ulimini.

"Ndiyo," alisema.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Chini."

Abigail hakuamini. Alimjua mume wake kuwa mtu wa haya, hakumjua kuwa mtu mbaya. Akageuka sebuleni. "Queen, ni ukweli? Nyanya alipanda mwenyewe? Daddy hakusaidia?"

Queen alikuwa kando ya bibi yake kwenye kochi. Mama Jerida alikuwa anatazama kapeti. Mtoto alimtazama bibi, kisha akanyanyua macho hadi jikoni, akamtazama baba yake moja kwa moja, na Eliudi, kwa shida, akamwinamishia kichwa kidogo kwamba akubali.

Queen akasema ndiyo. Nyanya alipanda mwenyewe, Daddy alikuwa chini.

"Naona aibu," Abigail alimwambia mume wake, kwa sauti ya chini kabisa. "Naona aibu kuitwa mke wako."

Hapo Queen akaangua kilio. Alilia kwa sauti kubwa, mdomo wazi, na hakuweza kunyamaza. Abigail alimkimbilia, akampakata, akamfuta uso, akamwambia basi, basi mama, mguu haukuvunjika, Nyanya atapona. Mtoto alitikisa kichwa kwamba siyo, siyo hivyo, na mama yake akazidi kumbembeleza. Eliudi alikuwa na taulo la vyombo mkononi. Alitaka kwenda kumnyamazisha, maana alijua analilia nini, lakini kwenda kungesema kila kitu, kwa hiyo alibaki pale jikoni.